Usibonyeze OK haraka: kuongeza diski ya pili kwenye kompyuta ya mezani

Kompyuta yetu ya nyumbani ni Dell OptiPlex ya mtumba, lile kasha kubwa la kusimama ambalo mtaani tunaliita CPU ingawa CPU yenyewe ni kidude kidogo kilichofichwa chini ya feni. Ilikuja na SSD ya GB 256, yaani diski ya chipu isiyo na sahani inayozunguka. Kwa kazi za kuandika barua na kuchapa mitihani, hiyo inatosha na kubaki. Lakini kwetu kompyuta ni kabati la ukoo. Simu za watu wanne zinamwaga picha humo kila mwisho wa mwezi, na video za harusi, mahafali na kipaimara zote zinaletwa "zikae kwako, wewe una kompyuta". Drive C ikawa nyekundu, na Windows ikaanza kukataa hata kusasisha.

Jibu langu la kwanza lilikuwa diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB. Ilikaa mezani miezi saba, kisha mpwa wangu akapita mbio, waya ukamnasa mguuni, diski ikaenda sakafuni huku inafanya kazi. Diski ya sahani ikianguka inazunguka, kichwa cha kusomea kinaweza kugonga sahani, na hapo hakuna cha kubembeleza. Ndipo nikaamua inayofuata nitaifunga kwa skrubu ndani ya kasha, mahali ambapo mtoto hafiki.

Nikaanzia dukani, na hilo lilikuwa kosa. Anzia kwenye kasha. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, kisha washa tochi ya simu utazame kama kuna mahali pa kuweka diski, kama kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) kuna tundu la SATA, lile la kuchomekea diski, lililo wazi, na kama kuna waya wa umeme wa SATA unaoning'inia bila kazi. Diski ya inchi 3.5 ni nene kama kitabu cha hadithi. Ya inchi 2.5, ile ya laptopu, inaenea kiganjani. Shemeji yangu ana OptiPlex ya aina ndogo, ile nyembamba, na alishanunua ya inchi 3.5 kabla ya kuangalia. Haikuingia. Mashine nyingi za ofisi za aina hiyo zina jambo jingine la kuwa nalo macho: umeme wa diski hautoki kwenye pawa saplai, unatoka kwenye madabodi kupitia waya wake maalumu. Usipokuwa nao itabidi uutafute kwa jina la modeli yako, na waya wa mashine nyingine usijaribu kuulazimisha.

Ukikosa waya wa SATA wa umeme, fundi atakupa kigeuzi kinachochukua umeme kwenye ile plagi ya zamani ya pini nne. Kitazame vizuri. Vile ambavyo nyaya zake zimezama kwenye plastiki iliyomiminwa kwa pamoja vina sifa mbaya ya kupata joto na kuyeyuka. Chukua kile ambacho unaona nyaya zimebanwa moja moja kwenye kichwa. Tofauti ya bei ni ndogo sana ukilinganisha na moshi.

Sasa dukani. Mimi nilinunua diski ya mtumba ya TB 1, Kariakoo, na sioni aibu, mradi upimaji ufanyike mbele yako. Mwambie fundi aichomeke kwenye mashine yake na afungue CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Kwanza tazama saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 35,000 imezunguka miaka minne bila kupumzika, pengine kwenye mashine ya kamera za ulinzi. Halafu tazama hesabu ya sekta, yaani vijisehemu vya diski, zilizoharibika zikahamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Ninataka sifuri kote kuwili. Fundi wangu alinionyesha ya kwanza, ikawa ina sekta kadhaa zinazosubiri.

"Hiyo haina neno, kaka, inapiga kazi vizuri tu."

"Basi nipe ambayo haina neno na haina namba, mkuu."

Akacheka, akatoa nyingine. Kuhusu kasi, kama ni ghala la picha na video, mizunguko 5,400 kwa dakika inatosha. Usilipie 7,200 kwa ajili ya sifa. Windows na programu ziache palepale kwenye SSD.

Kufunga ni dakika kumi. Waya wa ukutani ukiwa umechomolewa, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa diski. Vichwa vya SATA vina umbo la herufi L, kwa hiyo vinaingia upande mmoja tu. Kikikataa, kigeuze, usikisukume. Kaza skrubu nne. Nimeona watu wanaiacha diski inaning'inia kwenye nyaya zake au wameilaza juu ya kipande cha boksi, halafu wanashangaa inanguruma.

Niliwasha, sikuona kitu. Nikasubiri, nikazima, nikawasha tena, hakuna. Nusura niirudishe Kariakoo. Kumbe kulikuwa na vizuizi viwili, na vyote viwili nilikuwa navyo mimi nyumbani. Cha kwanza kilikuwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka: kwenye Dell unabonyeza F2 wakati inawaka, unaingia sehemu ya Drives, na hapo kila tundu la SATA lina alama yake ya tiki. Langu la pili lilikuwa limezimwa na aliyekuwa akiitumia mashine zamani. Ukiwa humohumo, hakikisha SSD yako ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya kuwashia, maana diski ya mtumba yenye mabaki ya Windows ya mtu inaweza kuifanya kompyuta ijaribu kuwakia huko.

Kizuizi cha pili ni kwamba diski tupu haionekani kwenye orodha ya drive hata ikiwa nzima kabisa. Bonyeza alama ya Windows pamoja na X, chagua "Disk Management". Itakuuliza kama utumie MBR au GPT, njia mbili za kuandika mgawanyo wa diski. Chagua GPT. MBR ni mpango wa zamani, na kwa kawaida unaishia TB 2. Ukinunua ya TB 4 nusu yake itakaa kama kiwanja kisicho na hati. Kisha bonyeza mausi upande wa kulia kwenye ile nafasi yenye mstari mweusi, chagua "New Simple Volume", endelea mpaka mwisho ukiiacha NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), na uipe jina la maana. Yangu inaitwa GHALA.

Utaona GB 931 badala ya 1,000. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na ukigawanya mara tatu tofauti inafika hapo.

Hayo yote ni ya diski tupu. Ukiweka diski yenye vitu, soma hapa taratibu.

Baada ya GHALA kukaa vizuri nilipata tamaa. Nikachukua diski ya kompyuta yetu ya zamani, iliyokufa siku umeme ulipokatika na kurudi mara tatu kwa saa moja, nikaichomeka nayo. Ndani yake kulikuwa na picha za harusi ya dada yangu. Windows ikaleta kidirisha: diski hii inahitaji kufomatiwa, yaani kuandaliwa upya kama tupu, kabla ya kutumika. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea. Asubuhi ile ile nilikuwa nimebonyeza OK mara nne na kila mara mambo yalikuwa mazuri. Nikabonyeza ya tano.

Kidirisha kile hakikuwa kinasema diski ni tupu. Kilikuwa kinasema Windows haiwezi kuisoma, jambo ambalo ni tofauti kabisa: huenda orodha ya mafaili imeharibika, huenda diski ilitumika kwenye Linux au Mac, huenda waya haujakaa sawa. Jibu sahihi ni kukifunga kidirisha bila kukubali, kuzima, kukaza waya, kisha kujaribu tena. Na kama inagoma, usiandike chochote juu yake.

Kilichoniokoa ni kwamba ufomati wa haraka hufuta daftari la majina, haupiti chumba kwa chumba kufuta mizigo. Niliacha kuigusa ile diski, nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ambayo haijali daftari bali inatambua picha kwa jinsi mafaili yake yanavyoanza. Iliokoa mafaili nikiyapeleka GHALA, kamwe si kwenye diski ileile unayookoa. Picha nyingi zilirudi, bila majina wala mpangilio, kila moja ikiitwa f na mlolongo wa tarakimu. Keki, bibi harusi, risiti iliyopigwa picha, mbuzi, bibi harusi tena.

Tangu siku hiyo nikifungua kasha nina kalamu ya wino mzito. Naandika kwenye kila diski ukubwa wake, tarehe niliyoifunga, na kama ina vitu. Nikitaka kufomati moja, nachomoa waya wa data wa nyingine zote za kuhifadhia, ili kwenye orodha ibaki ile ninayoilenga na SSD tu. Fundi mmoja alinicheka kwa hilo. Namwacha acheke.

Kuhamisha picha ni rahisi: bonyeza kulia kwenye folda la Pictures, fungua Properties, nenda Location, uielekeze kwenye diski mpya. Windows itahamisha yenyewe na kuanzia hapo picha zitaangukia huko.

Ila diski ya pili ndani ya kasha moja bado inakula umeme uleule, na mwizi akibeba kasha amebeba zote mbili. Kwa hiyo nilinunua tena diski ya nje. Safari hii haikai mezani. Inakaa Morogoro kwa mama, kwenye kabati la vitenge, na kila nikienda nabeba laptopu na picha mpya. Dada bado anazipa majina picha zake moja moja. Amefika mia mbili na kitu.