Radoni kwenye nyumba za Uyui: kipimo gani kinafaa kijijini?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi kijijini wilayani Uyui, Tabora, mahali penye miamba mingi ya graniti. Mwanangu anayesoma Ulaya ameniambia kuna gesi ya radoni, haionekani wala hainuki, inatoka ardhini na kuleta saratani ya mapafu. Anataka kunitumia kipimo cha mkaa: unakiweka ndani siku chache, kisha unakirudisha maabara huko kwa posta. Nyumba yangu mpya ina sakafu ya saruji na dari ya jipsam, ila majirani wengi bado wako kwenye nyumba za udongo. Kipimo hicho kitatufaa? Na kikohozi cha wajukuu wangu, kinaweza kuwa kinasababishwa na gesi hiyo?

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Nianze na wajukuu, maana hao hawasubiri. Radoni haileti kikohozi wala kichwa kuuma. Madhara yake ni saratani ya mapafu, inayojitokeza baada ya miaka mingi. Mtoto aliyekohoa wiki 2 au zaidi apelekwe zahanati apimwe kifua kikuu. Na kama mnapikia kuni chini ya paa mnalolalia, uhamisheni moshi huo kabla hamjafikiria kipimo chochote.

Mwanao amekueleza kweli. Graniti huwa na urani kidogo, ambayo polepole hugeuka kuwa radiamu, na radiamu huzaa radoni. Kwa kuwa ni gesi, hupenya kwenye nyufa za mwamba na udongo hadi juu. Nje upepo huisambaza, lakini ndani ya chumba kilichofungwa hujikusanya. Ikivunjika huacha chembe zinazonata kwenye vumbi. Tukizivuta, hutoa mionzi ya alfa ndani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linasema kila ongezeko la bekereli 100 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa mtu anayeishi humo miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16. Kwa mvutaji sigara hatari inayotokana na radoni ni takriban mara 25 ya ile ya asiyewahi kuvuta. Uyui inalima tumbaku, kwa hiyo nalisema bila kuficha: aliye na wasiwasi na radoni huku bado anavuta, aanze na sigara.

Hata hivyo, kukaa juu ya graniti si hukumu. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo kipimo cha jirani hakikuambii lolote kuhusu chumba chako. Nyumba ya udongo yenye uwazi kati ya ukuta na paa huingiza gesi kupitia sakafu, ila upepo huitoa. Kwako saruji inaizuia kiasi, lakini hupita kwenye nyufa za jamvi (zege la sakafu), pale sakafu inapokutana na ukuta, na kandokando ya mabomba. Juu kuna dari, na madirisha hufungwa jioni hadi asubuhi kwa hofu ya mbu na wezi. Ndiyo maana wasiwasi wangu uko zaidi kwenye nyumba yako mpya kuliko zile za majirani.

Sasa kipimo. Mwambie mwanao asinunue cha mkaa. Radoni iliyonaswa kwenye mkaa hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8. Bahasha ikikaa njiani wiki 2, inabaki chini ya sehemu moja ya kumi, na maabara haina cha maana cha kuhesabu. Unyevu wa masika nao huuharibu mkaa. Atafute kile cha kuhesabu alama za alfa: kikopo kidogo chenye kipande cha plastiki maalumu ndani, kisichohitaji umeme. Kila chembe ya alfa inayokigonga huacha alama isiyofutika, hivyo safari ndefu ya posta haikidhuru. Mkifunge tu vizuri kwenye mfuko wake mkimaliza kupima.

Kiwekeni chumba cha kulala, kimo cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na ukuta, kisiguswe kwa miezi 3 au zaidi. Juni hadi Agosti panafaa, kwa sababu usiku ni wa baridi na watu hujifungia. Lakini ishini kama kawaida. Msifungue madirisha ili kukifurahisha kipimo.

Jibu likiwa chini ya bekereli 100, tulieni. Kati ya 100 na 300, zibeni nyufa za sakafu, wekeni nyavu madirishani ili yalale wazi, na toboeni matundu ya hewa pande mbili za chumba. Likizidi 300, iandikieni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye dhamana ya usalama wa mionzi nchini, kabla hamjamlipa fundi yeyote. Dawa ya nyumba za namna hiyo ni bomba linalovuta hewa chini ya jamvi na kuitoa juu ya paa. Anayejenga sasa hivi atandaze kokoto na nailoni nene kabla ya kumwaga jamvi. Gharama ni ndogo kuliko kuvunja sakafu baadaye.

Hukuuliza kuhusu maji, ila visima virefu vilivyochimbwa kwenye graniti vinaweza kuwa na radoni. Hutoka maji yakichemka, kwa hiyo endeleeni kuchemsha ya kunywa, na mchemshie nje.