Kidato cha kwanza 2023 kujaa kuliko cha nne

Umeuliza kwa nini kidato cha kwanza 2023 katika shule ya kata kilikuwa na wanafunzi wengi kuliko cha nne, na kama walihamishiwa kutoka shule nyingine. Hapana, hawakuhamishiwa. Wale ni watoto walioanza darasa la kwanza 2016, mwaka elimu bila malipo ilipoanza. Shule za msingi zilifurika mwaka ule, na kundi hilohilo likamaliza la saba 2022, likaingia sekondari Januari 2023. Kwa hiyo mwaka 2023 shule ndogo ya kata hapa Moshi Vijijini ilikuwa lazima ionekane imefura chini na nyembamba juu. Kidato cha pili nacho huongezeka kidogo kwa sababu anayefeli upimaji wa taifa hurudia kidato hicho.

Kuhusu wasichana kuwa wengi kuliko wavulana shuleni hapo, ni kweli, na si hapo tu. Sekondari za chini (kidato cha kwanza hadi cha nne) nchini ndivyo zilivyo kwa miaka ya karibuni. Nasema kama mwalimu wa darasa. Daftari la mahudhurio tunajaza wavulana kwao, wasichana kwao, na upande wa wavulana ndiko alama za utoro zinakofuatana wiki nzima, hasa msimu wa kuchuma kahawa. Inaniuma, maana wengi wao kichwani wako vizuri kabisa.

Ila angalia usichukue orodha ya waliochaguliwa kujiunga kidato cha kwanza ukaiita idadi ya wanafunzi. Huku Kilimanjaro wazazi wengi hupeleka watoto seminari na shule binafsi, jina likabaki kwenye orodha ya kata bila mtoto kuripoti. Mwombe mkuu wa shule idadi ya walioripoti.