Timu ya mbio za nyika shuleni: shughulika na mkimbiaji wako wa nne

Mwalimu mwenzangu, umesema umekabidhiwa timu ya mbio za nyika na muhula ndiyo kwanza umefunguliwa. Shule iko Handeni kwenye joto, una kijana mmoja wa kidato cha tatu anayewaacha wenzake mbali, na waliobaki ni "wa kujazia tu". Unauliza uanzie wapi. Mimi nimefundisha michezo Mbulu, kisha nikahamishiwa Korogwe, kwa hiyo timu za namna hii nimeziunda kwenye baridi na kwenye joto. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hilo neno "wa kujazia" limenigusa.

Mbio za nyika zina ushindi wa timu, na hapo ndipo walimu wengi tunapopotea. Kwenye mashindano ya dunia timu huingiza wakimbiaji sita na wanaohesabiwa ni wanne wa kwanza. Unajumlisha nafasi walizoshika, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wilayani kwenu idadi inaweza kuwa tofauti, hilo muulize mratibu wa michezo mapema. Sasa piga hesabu. Shule ina vijana walioshika nafasi ya 1, ya 2 na ya 5, lakini wa nne wao akaja wa 48: jumla 56. Shule ya jirani haina hata mmoja kwenye nane bora, ila wanne wake wamefika wa 9, 11, 13 na 16: jumla 49. Kombe linakwenda kwa jirani. Yule kijana wako akipanda kutoka nafasi ya 3 hadi ya 1 amekuokolea pointi mbili. Mtoto wako wa nne akitoka nafasi ya 48 hadi ya 25 amekuokolea 23, na kumfikisha hapo ni kazi rahisi zaidi kwa sababu bado hajafundishwa chochote.

Kwa hiyo wiki za mwanzo usihangaike na saa ya kupimia. Ukiwapanga mstarini siku ya kwanza ukawaambia "kimbieni nione", watatoka kama wanakimbizwa na nyuki, nusu watatembea kabla ya kilomita ya pili, na kesho hutawaona. Wewe tangaza paredi kwamba nafasi ziko wazi kwa yeyote, mvulana au msichana, na usimchuje mtu mwezi wote wa kwanza. Waangalie wanaokuja kila siku. Timu utaipata humo.

Mazoezi yenyewe mwanzoni ni kukimbia polepole, na polepole ya kweli. Hapa tuna bahati, maana mchakamchaka watoto wanaujua tangu shule ya msingi. Wimbo ndio kipimo chako: anayeitikia kibwagizo bila kukatika pumzi yuko kwenye mwendo unaofaa, na anayenyamaza anakwenda kasi kuliko uwezo wake wa siku hiyo. Anza na dakika 20, wasiozoea wachanganye na kutembea. Ongeza kidogo kila wiki mpaka wafike dakika 40 bila kusimama. Siku nne au tano kwa wiki zinatosha, nyingine wapumzike.

Mwili ukishazoea, weka siku mbili za kazi. Moja ni ya mlima: tafuta mteremko wa kupanda kwa takriban dakika moja, wapande kwa nguvu na kushuka wakitembea, mara sita kwanza. Ya pili ni ya kubadili kasi, na nguzo za umeme za barabarani zinakutosha. Wanakwenda kasi kutoka nguzo hadi nguzo, halafu taratibu hadi inayofuata. Hapo wagawe vikundi vya watatu watatu wanaolingana, na umkataze yule bingwa wako kumburuza mtu. Huyo wa nne mpe mwenzake wa tano. Nimeona binti mmoja aliyekuwa akija mwisho kila zoezi akibadilika kabisa baada ya kupewa mwenzake wa kushikana naye bega kwa bega. Kichwa alichokuwa akikiinamisha kilinyanyuka, mikono ikaacha kupiga kifuani, akaanza kuuliza kesho tunakimbia wapi.

Jambo jingine liseme kwenye kikao cha walimu, tena bila kuzunguka. Shule nyingi mtoto akichelewa anaambiwa azunguke uwanja mara kumi. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba kukimbia ni adhabu humpati jioni kwa hiari. Kaa na mwalimu wa nidhamu na walimu wa zamu, waombe watafute adhabu nyingine. Hili lilinisaidia kupata wakimbiaji kuliko tangazo lolote nililowahi kubandika.

Kuhusu joto, usilidharau. Mwaka 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, pwani ya Kenya, kwenye joto. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, ambaye kuanzia 2002 hadi 2006 alikuwa ameshinda mbio zote mbili za mashindano hayo, fupi na ndefu, kila mwaka, siku ile aliacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ubingwa. Kama joto na unyevu vya pwani vilimtoa Bekele, mtoto wa kidato cha pili usimkimbize saa tisa mchana. Wakimbie alfajiri kukishapambazuka, au jioni baada ya saa kumi na moja. Maji yawepo kabla na baada. Anayeacha kutokwa jasho, anayeyumba au kuongea yasiyoeleweka, mtoe juani papo hapo, mmwagie maji mwili mzima, umpepee, na wakati huohuo mtu atafute usafiri wa kituo cha afya. Na mwenye homa hakimbii, hata kama ndiye bingwa na mashindano ni kesho. Akapimwe malaria kwanza.

Chakula ni mtihani mkubwa, hasa kwa walio bweni. Uji wa asubuhi, halafu ugali na maharage mchana, vinabeba mazoezi kama kiasi kinatosha na mboga za majani zipo. Mwombe mkuu wa shule wakimbiaji waongezewe uji baada ya zoezi la asubuhi. Ni gharama ndogo. Kwa wasichana shirikiana na matroni. Binti anayechoka bila sababu, au anayekosa hedhi tangu mazoezi yaongezeke, anahitaji kula zaidi na kuonwa na mhudumu wa afya. Msichana wa kutwa muulize nyumbani anafanya nini kabla ya kuja shule. Ukikuta anachota maji ya mbali kila alfajiri, hilo lihesabu kuwa zoezi, umpunguzie la kwako.

Viatu visikukoseshe usingizi. Waliozoea peku waache peku kwenye nyasi na udongo laini. Ukipata raba za mtumba, wavae taratibu wiki kadhaa kabla, wasije wakavaa mara ya kwanza siku ya mashindano wakarudi na malengelenge.

Na tafadhali usiwaambie watoto wa Handeni kwamba mbio ni za watu wa Mbulu na Karatu. Ni kweli Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, ni wa Karatu. Lakini Juma Ikangaa, bingwa wa New York Marathon 1989, ni wa Dodoma. Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Moscow 1980, ni wa Majita kando ya Ziwa Victoria. Alphonce Simbu ni wa Singida.

Huyo Simbu mtumie kufundishia kumaliza. Septemba 2025 kule Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu tu za mia za sekunde. Watoto wetu wana tabia ya kupunguza mwendo hatua tano kabla ya mstari. Kwenye mbio za nyika hapo ndipo wanapopitwa na watu wawili watatu, na kila mmoja ni pointi. Fungeni kamba mbili uwanjani zinazobana kama njia ya kumalizia, wafanye mazoezi ya kuvuka mstari kwa kasi, kuingia kwenye kamba na kubaki kwenye foleni bila kupitana mpaka wachukue namba zao.

Ukipata ratiba ya wilaya na umbali wa kila kundi, iweke hapa. Nitakusaidia kupanga wiki tatu za mwisho, maana hizo zinategemea kama mtakimbia kilomita 4 au 8.