Kwa mwalimu anayeanza kazi: familia na safari zisingoje kustaafu

Mwalimu mpya akiniuliza afanyeje ili adumu kazini, huwa namuuliza kwanza: Jumapili hii utakuwa wapi, na utakuwa na nani? Wengi hujibu kwamba watakuwa mezani na madaftari. Hapo ndipo mazungumzo yetu huanzia.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na sasa nimestaafu. Mume wangu naye alikuwa mwalimu. Tumelea watoto, tumeuguza wazazi, na tumesafiri kila tulipopata nafasi, kuanzia miaka ile ambayo mshahara ulikuwa unaisha kabla ya mwezi. Ninalotaka kukwambia ni moja: familia na safari si zawadi ya kupokea siku ya kuagwa. Zinakuwezesha kufundisha, na usipozitengea nafasi tangu mwaka wa kwanza, shule itaichukua nafasi hiyo yote. Haitafanya hivyo kwa ubaya. Shule huchukua kila inachopewa.

Tuanze na madaftari, maana ndiyo yanayokula jioni za walimu wengi. Fanya hesabu. Darasa lina wanafunzi 60, umewapa insha moja, na kila insha unaisoma kwa dakika 5. Hizo ni saa 5. Ukiwa na mikondo mitatu ni saa 15, na hapo hujaandaa kipindi hata kimoja cha wiki ijayo. Bidii peke yake haiwezi kuishinda hesabu hiyo, inabidi uibadilishe. Mazoezi mafupi yasahihishwe darasani, wanafunzi wakibadilishana madaftari huku wewe unapita kati ya madawati na kujionea nani amekwama wapi. Insha nayo itazamwe kwa jambo moja kila mara: leo natazama kama kila hoja ina mfano wake, basi, wiki ijayo natazama hitimisho. Waambie kabla hawajaandika. Kisha andika ubaoni makosa manne au matano yaliyojirudia, na kila mmoja ayatafute kwenye kazi yake na kuyarekebisha. Kalamu nyekundu inayopita kila mstari iachie kazi chache za muhula, zile ambazo mwanafunzi atapata nafasi ya kuziandika upya. Nimeona insha nyingi zilizojaa wino mwekundu ambazo mwenyewe alitazama alama tu, akafunika daftari.

Kuhusu andalio la somo nina neno fupi. Kipindi kikiisha, kabla hujaingia kingine, andika chini yake mistari miwili: swali lililowakwamisha na mfano uliowafungua macho. Mwakani hutaanza upya.

Ukishaupunguza mzigo huo, chagua siku moja ya wiki ambayo karatasi ya shule haiingii nyumbani, na uitangaze. Waambie wa nyumbani, mwambie na mkuu wako wa idara. Siku isiyotangazwa humezwa na vikao. Wiki za mitihani utaratibu huo utalegea, na watoto wataelewa ukilegea kwa majuma mawili. Hawaelewi ukilegea mwaka mzima.

Kisha ilinde sauti yako. Walimu hupata matatizo ya sauti kuliko watu wa kazi nyingi nyingine, na hasara hiyo huishia nyumbani, kwa mtoto aliyengoja hadithi jioni akakuta mzazi hana sauti. Usiongee ukiwa umeligeuzia darasa mgongo. Sogea karibu na wanaopiga kelele badala ya kupaza sauti, na uwe na ishara ya kunyamazisha darasa isiyohitaji kinywa, mkono ulioinuliwa unatosha wakishaizoea. Kunywa maji kati ya vipindi. Sauti ikikauka, usinong'one kwa nguvu, kwani kunong'ona huko nako huchosha koo. Na ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari.

Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha chuoni ni kuwa na mtoto wako kwenye shule unayofundisha. Mtoto wa mwalimu hubeba mzigo ambao wenzake hawauoni. Akifaulu watasema amevujishiwa. Akianguka watauliza mama yake anafundisha nini. Wenzake wakiwa wanapanga jambo lao, akitokea wananyamaza. Sisi tulikubaliana na watoto wetu kabla ya siku yao ya kwanza: ndani ya geti ni Mwalimu, nje ya geti ni Mama. Karatasi ya mtihani ya mtoto ilisahihishwa na mwalimu mwingine wa somo kila ilipowezekana. Nyumbani sikumuuliza nani alipiga kelele, na yeye hakuniuliza nani amepata ngapi. Nilikaa pia na walimu wenzangu tukaelewana: wakiwa na neno juu yake wamwite yeye kama wanavyomwita mwanafunzi mwingine yeyote, nami niitwe kama mzazi, kwa utaratibu wa wazazi, isiwe minong'ono ya ofisi ya walimu. Hili la mwisho ndilo lililotusaidia kuliko yote, kwa sababu mtoto alijua kwamba kosa lake halifiki nyumbani kabla yake.

Na ukifika nyumbani, acha kufundisha. Mtoto anayekuletea mchoro anataka uutazame, hajauleta usahihishwe.

Wanaoanza kazi wengi hawajui kwamba mambo haya yana maandishi ya kuegemea. Tarehe 5 Oktoba 1966, mjini Paris, mkutano maalumu wa wawakilishi wa serikali ulioitishwa na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu. Ndiyo maana Siku ya Walimu Duniani, inayoadhimishwa tangu 1994, huangukia tarehe hiyo. Pendekezo linasema ndoa isiwe kikwazo kwa mwanamke kuajiriwa au kuendelea kufundisha, na mimba isiwe sababu ya kumwachisha kazi. Linasema mume na mke ambao wote ni walimu wawezeshwe kufundisha eneo moja, au hata shule moja. Vilevile linazitaka mamlaka zitambue faida ya safari za walimu nje ya nchi, kwa elimu na kwa mwalimu mwenyewe. Si mkataba unaozibana serikali kisheria, lakini ni msimamo ambao serikali zenyewe ziliukubali. Ukiandika barua ya kuomba uhamisho ili uishi na familia yako, au ya kuomba ruhusa ya kwenda kujifunza nje, litaje Pendekezo hilo. Barua iliyoegemea kanuni husomwa kwa uzito kuliko barua ya kulalamika.

Sasa safari, na hapa nitakaa kidogo.

Niliifundisha longitudo sifuri, mstari wa ramani ambako hesabu ya mashariki na magharibi huanzia, kwa miaka mingi kabla ya kusimama juu yake. Iko Greenwich, London, kwenye mstari uliopita katikati ya darubini ya mwanaastronomia George Airy, na ilikubaliwa mwaka 1884 katika mkutano wa Washington uliohudhuriwa na nchi 25. Wageni hupiga picha pale, mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi. Lakini washa simu yenye GPS juu ya mstari huo: haisomi sifuri. Mwanangu alishika simu akatembea kuelekea mashariki, akifuata namba zinavyopungua, mpaka zikawa sifuri tupu ndani ya bustani, kama mita 102 kutoka kwenye mstari. Sababu yake ni somo zuri sana. Airy aliipata wima kwa kufuata uvutano wa dunia pale pale alipokuwa, na uvutano huo hauelekei barabara kwenye kitovu cha dunia, kwa kuwa miamba ya chini haina uzito sawa kila mahali. Setilaiti zinapima kutoka kwenye kitovu chenyewe. Hakuna aliyekosea, kila mmoja alianzia mahali pake.

Niliporudi darasani nilichora mstari ubaoni nikauliza: sifuri iko wapi, na nani aliamua? Kipindi kizima hakikutosha. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua kama nchi zote zilikubali, nikamweleza kwamba Ufaransa ilijizuia kupiga kura, ikaendelea kuhesabu kutoka Paris hadi 1911. Darasa ambalo wiki iliyotangulia lilikuwa linakariri digrii za longitudo lilianza kubishana kuhusu mamlaka, biashara ya meli na saa za reli. Kitabu kilikuwa kile kile na mtaala ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa mwalimu alikuwa na jambo analolijua kwa miguu yake.

Ikweta nayo ina mafunzo yake. Mnara maarufu wa Ikweta karibu na Quito, nchini Ekuado, uko kama mita 240 kusini mwa mstari unaoonyeshwa na setilaiti. Na katika nchi kadhaa ambako Ikweta inapita, utaonyeshwa beseni la maji yanayozunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Nenda, tazama, lakini usiende kufundisha ulichoonyeshwa. Nguvu ya Coriolis, inayotokana na dunia kujizungusha, huzungusha vimbunga vya mamia ya kilomita. Katika beseni ni ndogo mno, na jirani na Ikweta inakaribia kutoweka kabisa. Mkono unaomimina maji ndio unaoyazungusha. Chukua beseni uwape wanafunzi wenyewe wajaribu kuyazungusha kila upande, na watakuwa wamejifunza kuhoji wanachokiona, kitu ambacho nakithamini kuliko jina la nguvu yenyewe.

Usidhani ninazungumzia ndege peke yake. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita mtaalamu wa Kigiriki Eratosthenes aliupima mzingo wa dunia kwa kivuli cha adhuhuri huko Alexandria, Misri, akijua kwamba siku hiyo hiyo huko Syene, kusini yake, ambayo leo ni Aswan, jua la adhuhuri lilisimama utosini. Tofauti ya pembe ya jua ilikuwa sehemu ya hamsini ya duara, karibu digrii 7.2, kwa hiyo mzingo ni mara hamsini ya umbali kati ya miji hiyo. Ukienda kuwasalimu wazazi kaskazini au kusini ya unakoishi, unaweza kufanya kazi ile ile na watoto wako. Simamisha fimbo ya mita 1, na nyumbani aliyebaki asimamishe ya kwake siku hiyo hiyo. Pimeni kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, bila kuifuata saa ya ukutani, kwa sababu adhuhuri ya jua na saa sita ya saa ya mkononi mara nyingi hazilingani. Digrii 1 ya latitudo ni karibu kilomita 111. Mahali pawili palipoachana kilomita 333 kwenda kaskazini ni digrii 3, na jua likiwa karibu na utosi tofauti hiyo huonekana kama sentimita 5 za kivuli. Mtoto aliyepima sentimita hizo kwa rula yake haambiwi tena kwamba dunia ni mviringo, ameipima.

Katika kupanga safari, nenda na swali moja. Ukienda na maswali kumi utarudi na picha tu. Kila mtoto apewe kazi: mmoja ashike ramani, mwingine aandike matumizi. Halafu iwepo nusu siku ambayo hakuna anayejifunza chochote, watu wanakaa na kuzungumza, kwa maana kuna mambo ambayo kijana humwambia mzazi wake safarini tu. Maliza ripoti za muhula kabla ya kuondoka hata kama itakuchelewesha siku mbili. Ucheleweshaji huo mara nyingi ni faida, kwani siku ya kufunga shule kila mtu yuko njiani na nauli hupanda. Fedha anza kuweka tangu mshahara wa kwanza, kiasi kidogo usichokihisi, kwenye akaunti yake peke yake. Nimewaona walimu wenye mshahara sawa na wangu wakisema safari ni za matajiri. Tofauti yetu ilikuwa akaunti hiyo.

Wapo watakaokushauri usubiri ustaafu, ndipo utembee dunia kwa nafasi. Safari za kustaafu ni nzuri, tunazifurahia hadi leo. Ila mtoto wa miaka 10 aliye tayari kupanda mlima nawe hatakuwa na miaka 10 siku hiyo, na wazazi wako huenda hawatakuwepo kabisa.

Mwisho, fungua faili lako leo. Weka barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja na za uhamisho. Pensheni huhesabiwa kwa muda wa utumishi, na pengo lisilo na barua huwa mzozo wakati ambao aliyekuwa anajua habari zako ameshaondoka ofisini. Ukitaka likizo bila malipo, iwe ya kumuuguza mama au ya kusoma mbali, uliza kwa maandishi kabla ya kuondoka kama muda huo utahesabiwa, na ulihifadhi jibu. Toa nakala za vyote, moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini, na mwenzako wa ndoa aonyeshwe zilipo.