Sidii nne, albamu moja

SWALI: Shikamoo dada. Mjomba kaniletea kutoka Marekani albamu ya bendi ya rock ya The Flaming Lips, iitwayo Zaireeka. Ndani mna sidii nne, na kila nikiweka moja nasikia nyimbo nusunusu. Ni mbovu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Si mbovu hata kidogo, mdogo wangu. Sidii zote zina nyimbo zilezile nane, ila kila moja imebeba sehemu yake ya sauti. Zimetengenezwa zipigwe zote nne kwa pamoja, kwenye redio nne. Albamu ilitoka 1997. Mwaka uliotangulia, mwimbaji wao Wayne Coyne aliwakusanya watu na magari yao kwenye maegesho huko Oklahoma City, akawagawia kaseti, wakazipiga zote kwa mpigo. Wazo lilikulia hapo.

Basi azima redio kwa majirani. Weka moja kila kona ya sebule, mhesabu hadi tatu, mbonyeze. Hazitalingana sawasawa: mashine hupishana kidogo, ngoma ya kona ile ikachelewa nyuma ya gitaa la kona hii, na sauti zikaanza kuzunguka chumbani. Ndiyo raha yenyewe! Mimi huanza kusikiliza nikiwa mlangoni, kisha nahamia dirishani, na wimbo unageuka kabisa. Wapo wanaoiita mbwembwe tupu. Sikubaliani nao, ni rock chache zinazokulazimisha uite watu ndipo uisikie.

Angalizo: wimbo “How Will We Know?” una milio mikali mno, ya juu na ya chini, inayoweza kuleta kizunguzungu. Watoto wachanga wasiwepo.