"According to me" ina kosa gani?

Mkuu, umeuliza kwa nini bosi wako aliikata "according to me" kwa wino mwekundu, ilhali wewe ulimaanisha "kwa maoni yangu" tu. Hapo wengi tunanasa. "According to" Mwingereza huitumia kutaja chanzo kingine: gazeti, daktari, ratiba ya treni. Mtu hajinukuu mwenyewe. Andika "in my opinion" au "I think", ila usizibebe zote mbili kwenye sentensi moja. "In my opinion I think" ni kupiga hodi wakati ushaingia ndani.

Nyingine ni "on my side". Tumeitoa mzimamzima kwenye "kwa upande wangu", lakini kwao ni mtu anayekuunga mkono: "my sister is on my side". Maana yetu wao husema "as for me" au "for my part".

Na "with all due respect", usidanganywe na hiyo "respect". Niliwahi kufungulia nayo barua kwa mteja nikidhani natoa shikamoo, kumbe hutangulizwa mtu anapotaka kukupinga. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja, mkavu.