Bwawa la majitaka huonekana vizuri alfajiri

Kama umepangiwa kazi kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wa bara, iwe Mabogini kule Moshi au Mafisa pale Morogoro, wiki ya kwanza usikae ofisini. Vaa buti, zunguka kingo asubuhi na jioni, nusa, tazama rangi. Mtambo wetu ni jua, upepo, bakteria na mwani, na hauna kengele ya kukushtua ukianza kuharibika.

Maji huingia kwanza kwenye bwawa refu, mita 2 hadi 5 kwenda chini, ambako tope huzama na kuoza bila hewa. Kisha huenda kwenye bwawa la mita moja na nusu hivi, juu mwani, chini giza. Mabwawa yanayofuata hupunguza vijidudu. Hilo la pili ndilo litakalokufundisha kazi. Mchana mwani wake hutoa oksijeni, na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, hupanda, pengine hata kupita 9. Usiku mwani huohuo huila oksijeni uliyoitoa.

Mwaka wangu wa kwanza, katika mji mwingine, si mmoja wa ile niliyotaja, nilikuwa nachukua sampuli saa nane mchana kwa sababu gari lilipatikana muda huo. Kila wiki oksijeni ilikuwa juu, nami nikaandika "hali nzuri". Mzee aliyekuwa akilinda lango akaniambia, "Mwanangu, siku moja njoo saa kumi na moja alfajiri." Nikaenda. Harufu ya mayai viza ilikuwa imetanda, na maji karibu na bomba la kuingilia yalikuwa ya kijivu kama maji ya kufulia. Oksijeni kushuka alfajiri ni kawaida. Rangi ile na harufu ile si kawaida: bwawa lilikuwa limezidiwa.

Tukatafuta chanzo kwenye bwawa la kwanza, kwa kupima tope lake. Chukua mti mrefu, uzungushie taulo jeupe kuanzia ncha ya chini, uufunge vizuri. Uzamishe wima, taratibu, mpaka uguse sakafu, subiri kidogo, kisha uvute polepole. Tope hunasa kwenye nyuzi za taulo na kuacha alama nyeusi unayoweza kuipima kwa futi. Tope likifika theluthi ya ujazo, ni wakati wa kulitoa. La kwetu lilikuwa limepita nusu, na hakuna aliyewahi kulipima.

Jizoeze rangi. Kijani kibichi ni afya. Waridi au zambarau ni bakteria wa salfa, dalili kwamba uchafu unaoingia ni mwingi kuliko uwezo wa bwawa. Masika ikianza, tazama pia mchanga: wapo wanaounganisha mifereji ya mvua kwenye bomba la majitaka, na mchanga wote huishia kwako.

Kuhusu chemba sina maneno mengi ila nakusihi: usishuke peke yako, na usishuke kabla ya kupima hewa. Gesi ile ya mayai viza ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikikatika ghafla, toka.

Maabara utaihitaji, lakini kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu ulio majini, huchukua siku 5, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwetu Tanzania ni miligramu 30 kwa lita. Jibu likirudi, maji uliyoyapima yameshafika mashambani. Kule Mabogini watu hulima mpunga kwa maji yanayotoka mabwawani, na kupandikiza mpunga ni kazi ya kuinama matopeni, miguu na mikono ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kumwagilia yasiwe na zaidi ya yai 1 la minyoo kwa lita. Kwa hiyo wafahamu wakulima wako kwa majina, uwe na namba zao za simu. Siku bwawa likichafuka, wapigie wao kwanza wafunge maji, ndipo uandike ripoti.